Bei ya Miezi Sita

Ndahani walimkamata na magunia matatu ya mkaa,
barabara ya Manchali, mwezi wa saba, alfajiri yenye baridi.
Baiskeli waliipakia kwanza, yeye baadaye.
Kibali hakuwa nacho.
Kibali hutolewa mjini, siku za kazi,
na kukifuata ni gunia moja na nusu.

Hakimu hakuwa mkali, nisimsingizie.
Alikuwa na mafua, akafuta miwani kwa tai,
akasema: dhamana iko wazi.
Kumbe mlango unaweza kuwa wazi
ukakosa mguu wa kuuvuka.
Wadhamini wawili, mmoja mtumishi wa umma,
na hati ya mali isiyohamishika.
Nikamwambia karani tunayo nyumba ya tembe,
aliijenga babu yake babu yake Ndahani,
udongo wa paa lake huota majani kila mvua;
hiyo haijahama tangu Wajerumani.
Karani akacheka, si kwa ubaya.
"Mama. Hati."

Aliyefuata alikuwa kijana wa Area D,
gari la baba yake, mtu kagongwa Nkuhungu, mguu umekatwa.
Hati ilikuja ndani ya bahasha ya kaki.
Saa sita na robo alikuwa nje, anakunywa soda.
Simwonei wivu soda yake.
Ninahesabu tu.

Miezi minne mahabusu: upelelezi haujakamilika.
Upelelezi wa mkaa!
Magunia yalikuwa pale pale kituoni,
isipokuwa moja, lililopelelezwa hadi likaisha.
Halafu hukumu: laki tatu, au miezi sita.
Au.
Sijaona neno fupi lenye tumbo kubwa namna ile.
Mwenye laki tatu husikia laki tatu.
Sisi tulisikia miezi sita.

Niliandika kwenye daftari la Mwaja,
kurasa za nyuma, ambako hakuwahi kufika:
mbuzi wawili, wakili aliyekuja mara moja;
nauli ya Jumapili, kwenda na kurudi;
sabuni;
shamba la karanga, kwa mwenye trekta, misimu miwili;
Mwaja, darasa la sita —
hapo niliacha nafasi.

Sokoni Majengo mteja wa ubuyu aliniambia,
"Nyie Wagogo, mkichoka kuomba mnaingia jela,"
huku akiniongezea mia mbili.
Niliipokea.
Hilo nalo liandikwe.

Ukitaka kujua walio ndani ni kina nani
usiombe rejista. Simama foleni ya nje, ya vikapu,
usikilize: Kigogo cha Mvumi, Kigogo cha Bahi,
Kirangi, Kisandawe kinachodata kama kuni kavu.
Malapa, kanga zilizopauka.
Viatu vya visigino sijaviona pale.
Safari yao huishia mahakamani.

Januari basi letu lilipita kando ya shamba la gereza.
Wamepangwa mstari, wanapalilia mtama.
Nilimjua kwa mgongo, huinamia kushoto.
Alikuwa analima vizuri. Matuta yamenyooka.
Letu lilikuwa mbigili hadi magotini,
na mvua ile ile, ya Mungu yule yule, ilikuwa imenyesha.
Konda akasema, "Wanakula bure hao."
Basi zima likacheka.
Nilikuwa na kikapu mapajani,
nikakishika kwa mikono miwili.

Alitoka mwezi wa tano, watu wanavuna.
Baiskeli, walimwambia, ni kielelezo.
Siku ya tatu nilimkuta nyuma ya nyumba, ananoa shoka.
Sikumuuliza.
Mwaja ndiye aliyeuliza,
na baba yake akajaribu ukali wa shoka kwa kidole gumba,
akatazama barabara,
akasema safari hii atapita porini, usiku.